Alexander Murdoch Mackay

Alexander Murdoch Mackay (Rhynie, Uskoti, 13 Oktoba 1849 – Usambiro, leo nchini Tanzania, 8 Februari 1890) alikuwa mhandisi na mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi kwa miaka 14 katika Afrika ya Mashariki, hasa katika ufalme wa Buganda na upande wa kusini wa ziwa Viktoria Nyanza.

Hakuwa padri wala askofu. Alitumwa kama mhandisi, akabaki mlei hadi kufa. Hata hivyo kwa muda mrefu misheni yote ya Buganda ilimtegemea yeye. Kwa nyakati tofauti alikuwa mkuu wa idara kiwandani, msimamizi wa ujenzi wa njia, nahodha na mtengenezaji wa mashua, fundi wa mfalme, mchapaji, mwalimu wa mafundi na mkuu wa kituo. Kutokana na bidii yake watu walimpa jina la Mzungu wa Kazi.

Familia na masomo

Mackay alizaliwa katika kijiji cha Rhynie, eneo la Aberdeenshire, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Baba yake, aliyeitwa pia Alexander Mackay, alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti na mwandishi wa vitabu vya jiografia. Alimfundisha mwanawe nyumbani hadi umri wa miaka 14. Kwa njia hiyo mtoto alizoea mapema kusoma ramani na kusikia habari za wasafiri waliokuwa wakitafuta vyanzo vya mto Naili.

Familia ilitazamia kwamba kijana huyo angekuwa mchungaji kama baba yake, lakini yeye alipenda zaidi kazi za mikono. Alikaa kwa mhunzi na kwa seremala wa kijiji akitazama wanavyofanya kazi, na alikuwa tayari kutembea mwendo mrefu hadi kituo cha reli ili aone injini ya treni iliyosimama kwa dakika chache tu.

Mwaka 1864 aliingia shule ya Aberdeen Grammar School. Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1867 familia ilihamia Edinburgh, na huko Mackay alisomea ualimu katika chuo cha Kanisa Huru. Baadaye akageukia uhandisi: alihudhuria masomo ya hisabati, fizikia na mekanika katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na papo hapo alijifunza kazi kwa vitendo katika karakana ya wahandisi huko Leith, bandari ya mji huo. Hivyo alipomaliza alikuwa na mafunzo ya aina mbili ambayo kwa kawaida hayakukutana kwa mtu mmoja: ualimu na ufundi wa mashine.

Kazi nchini Ujerumani

Mnamo Novemba 1873 Mackay alikwenda Berlin, mji mkuu wa Dola la Ujerumani lililokuwa limeundwa miaka miwili tu kabla yake. Alipata kazi ya kuchora michoro ya mashine katika kiwanda kikubwa cha chuma na injini huko Moabit. Baada ya muda alipandishwa cheo, akawa mkuu wa idara ya injini za treni. Katika saa zake za mapumziko alibuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau.

Huo ulikuwa uongozi wa ufundi kwa sura yake ya kawaida katika nchi zenye viwanda. Mkuu wa idara alikaa ofisini, akapokea maagizo kutoka kwa wakurugenzi, akagawa kazi kwa wachoraji na kukagua michoro yao. Chuma, makaa na mafundi walipatikana jirani. Mackay aliifahamu kazi hiyo vizuri, na angeweza kuendelea nayo maisha yake yote.

Kujiunga na CMS

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alimtembelea Mutesa I, Kabaka wa Buganda. Barua yake iliyochapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London mnamo Novemba mwaka huohuo iliwaomba Wakristo wa Uingereza wapeleke wamisionari kwa mfalme huyo. Stanley alisisitiza kwamba wanahitajika watu wanaojua kufundisha kazi za mikono pamoja na dini.

Mutesa alikuwa na sababu zake za kuwakaribisha Wazungu. Upande wa kaskazini Misri ilikuwa ikipanua utawala wake kufuata mto Naili, na Kabaka alitafuta marafiki, silaha na ufundi ambao ungemwezesha kulinda ufalme wake. Tofauti kati ya alichotaka mfalme na walichokusudia wamisionari ilionekana mapema, nayo haikuisha kamwe.

Shirika la Church Missionary Society la Waanglikana wa Uingereza, linalojulikana kwa kifupi kama CMS, liliamua kutuma kikundi cha watu wanane. Mackay aliomba kujiunga na akakubaliwa mnamo Januari 1876. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kiongozi wa safari alikuwa Shergold Smith, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini. Miongoni mwa wenzao walikuwemo mchungaji C. T. Wilson, daktari John Smith na T. O'Neill.

Mackay aliondoka Uingereza tarehe 27 Aprili 1876 na kufika Zanzibar tarehe 29 Mei. Katika miaka miwili iliyofuata kikundi hicho kilivunjika: wengine walikufa kwa magonjwa, wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa, na wawili waliuawa.

Njia ya Saadani hadi Mpwapwa

Kazi ya kwanza ya Mackay ilikuwa kutafuta namna ya kusafirisha mizigo kutoka pwani. Wamisionari walikuja na mashua ndogo ya mvuke iliyoitwa Daisy. Mackay alishiriki kuijaribu katika mto Wami na mto Kingani, ambao leo huitwa Ruvu, ili kuona kama mito hiyo ingewafikisha bara. Yote miwili haikufaa. Basi Daisy ilifunguliwa vipandevipande, nayo ikabebwa na wapagazi pamoja na mizigo mingine.

Mackay alianza safari ya bara pamoja na msafara, lakini aliugua vibaya kabla ya kufika mbali, akaagizwa kurudi pwani mwishoni mwa mwaka 1876. Alipopona alipewa kazi ya kufungua njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani, bandari ndogo inayotazamana na Zanzibar, hadi Mpwapwa. Urefu wake ulikuwa takriban maili 230, yaani kilomita 370.

Mwaka 1877 njia hiyo ilikatwa kwa shoka, mapanga na majembe. Mackay alipima ardhi, akachagua vivuko, akasimamia vibarua na kutafuta chakula chao. Njia ilikamilika, lakini lengo lake halikutimizwa kwa muda mrefu, kwa kuwa ng'ombe waliokokota magari walikufa kwa kuumwa na mbung'o, na mizigo ikarudi kwenye vichwa na mabega ya wapagazi.

Tukio hilo linaonyesha tofauti kubwa kati ya kazi yake ya Berlin na ile ya Afrika. Kiwandani mchoro ulio sahihi ulitosha kuleta mashine iliyo sahihi. Njiani kuelekea Mpwapwa kazi ya mhandisi ilikuwa nzuri, ila mdudu mmoja aliweza kuitangua.

Mashua Daisy na safari ya ziwani

Wakati Mackay alipokuwa njiani, wenzake walikuwa wametangulia. Daktari John Smith alifariki mwaka 1877 huko Kagei, kusini mwa ziwa. Shergold Smith na Wilson walivuka ziwa na kupokewa na Mutesa mwishoni mwa Juni 1877. Lakini mnamo Desemba mwaka huo Shergold Smith na O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, katika ugomvi uliomhusu mtawala wa kisiwa, Lukonge.

Mackay alifika Kagei mnamo Juni 1878. Alivuka kwenda Ukerewe kumwona Lukonge bila silaha, kwa sababu aliona kwamba misheni haingeweza kuendelea ziwani ikiwa kuna kisasi kati yao na wenyeji. Aliporudi alianza kuitengeneza Daisy. Mbao zake zilikuwa zimepasuka kwa jua na kuliwa na mchwa.

Mnamo Agosti 1878 yeye na Wilson walisafiri kuelekea Buganda. Dhoruba iliitupa mashua kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa na kuivunja. Hapakuwa na mbao za kufaa wala duka la vifaa. Mackay aliamua kuitoa mashua sehemu yake ya katikati, akatumia mbao hizo kuziba palipovunjika, kisha akaunganisha pande mbili zilizobaki. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa, lakini Daisy, ingawa imekuwa fupi kuliko mwanzo, iliwafikisha Buganda mnamo Novemba 1878.

Fundi wa mfalme

Misheni ilipewa kiwanja huko Nateete, karibu na makao ya Kabaka. Mackay alijenga nyumba na karakana yenye tanuri la mhunzi, mivukuto, jiwe la kunolea na mashine ya kukereza. Watu wa kila cheo walikuja kutazama. Waganda wenyewe walikuwa na wahunzi hodari, wajenzi na watengenezaji wa mitumbwi mikubwa, kwa hiyo walikuwa watazamaji wanaojua kupima kazi. Kilichowavuta zaidi ni gurudumu: jiwe la kunolea lililozunguka, mashine ya kukereza, na baadaye gari la ng'ombe.

Alichimba kisima kirefu na kukiwekea pampu. Maji yalipopanda kutoka chini na kumwagika juu, wengine walinong'ona kwamba Mzungu huyo ana nguvu za lubaale, yaani mizimu na miungu ya Buganda. Mackay alichukua muda kuwaeleza jinsi pampu inavyofanya kazi. Kwake maelezo hayo yalikuwa sehemu ya utume, kwa sababu hakutaka ufundi uchukuliwe kuwa uchawi.

Kwa Mutesa alikuwa mshauri na fundi kwa pamoja. Kiswahili, lugha ya wafanyabiashara wa pwani, kilieleweka katika ikulu, na Mackay alikuwa amejifunza lugha hiyo. Siku za Jumapili alisoma mbele ya Kabaka na wakuu wake sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na askofu Edward Steere wa Zanzibar. Siku nyingine aliulizwa juu ya nyota, reli, tiba na siasa za Ulaya.

Kazi yake iliyosemwa sana ni majeneza ya Namasole Muganzirwazza, mama wa Mutesa, aliyefariki mwaka 1882. Kabaka alitaka mama yake azikwe kwa heshima inayozidi ile ya wafalme wa Ulaya. Mackay alisimamia mafundi wa Kiganda kutengeneza majeneza matatu makubwa, moja ndani ya jingine, likiwemo moja la shaba nyekundu iliyopatikana kwa kufua sinia na vyombo vya ikulu. Kazi hiyo ilidumu karibu mwezi mzima, usiku na mchana.

Hata hivyo nafasi yake ilikuwa dhaifu. Mfalme angeweza kumsifu leo na kumnyima chakula kesho. Mnamo Februari 1879 walifika mapadri Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika, akiwemo Siméon Lourdel kutoka Ufaransa, na mabishano ya madhehebu mawili mbele ya Kabaka yaliwachanganya wasikilizaji. Mackay alikuwa mkali katika mabishano hayo, na jambo hilo ni miongoni mwa yale ambayo wanahistoria wanamlaumu. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, waliokuwa ikulu kabla ya wamisionari, nao walimpinga, hasa kwa kuwa alishambulia wazi biashara ya watumwa. Mnamo Desemba 1879, baada ya mjadala juu ya lubaale Mukasa, baraza la wakuu lilizikataa dini zote za kigeni kwa muda.

Uchapaji na ufundishaji

Kazi ya Mackay iliyodumu kuliko zote ilihitaji vifaa vidogo tu. Akiwa na mashine ndogo ya kuchapa na bila herufi za kutosha, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma kwa Kiganda. Kabla ya hapo lugha hiyo haikuwa na maandishi yaliyochapwa nchini humo.

Vijana wa ikulu walianza kuja Nateete kujifunza. Walijulikana kwa jina la wasomaji, na katika Buganda ya wakati ule kuwa msomaji kulikuwa karibu sawa na kuwa Mkristo. Masomo yalifanyika humohumo karakanani: mwanafunzi alivuta mivukuto au kushika msumeno huku akitamka silabi zilizobandikwa ukutani.

Tarehe 18 Machi 1882 vijana watano wa kwanza wa upande wa Waanglikana walibatizwa. Mmoja wao, Sembera, alichagua jina la Mackay kuwa jina lake la ubatizo. Kwa kuwa Mackay hakuwa padri, ubatizo ulitolewa na mwenzake, mchungaji Philip O'Flaherty.

Wakati wa Kabaka Mwanga

Mutesa alifariki mnamo Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga II alipanda kiti akiwa kijana, katika wakati mgumu. Wajerumani walikuwa wakijipatia maeneo nyuma ya pwani ya Zanzibar, na habari zao zilifika Buganda zikiongeza hofu kwamba wamisionari ni watangulizi wa wavamizi.

Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikamatwa njiani wakielekea ziwani na baadhi ya wanafunzi wao. Wazungu walirudishwa Nateete, bali vijana walizuiliwa. Jitihada za kuwakomboa hazikufaulu. Tarehe 31 Januari vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Busega, si mbali na karakana walimokuwa wakisomea.

Mnamo 29 Oktoba mwaka huohuo askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ya Busoga, aliuawa kwa amri ya Mwanga. Njia hiyo ya mashariki ilihesabiwa kuwa mlango wa nyuma wa ufalme. Mwaka 1886 mateso yalienea kwa Wakatoliki na Waanglikana, na tarehe 3 Juni kundi kubwa la vijana lilichomwa moto huko Namugongo. Wafiadini 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Waanglikana huwakumbuka wenzao 23.

Mackay mwenyewe hakuuawa. Sababu mojawapo ni kwamba Mwanga alihitaji ufundi wake. Ashe aliporuhusiwa kuondoka mnamo Agosti 1886, Mackay alizuiliwa. Kwa karibu mwaka mmoja alibaki peke yake, akitengeneza vyombo vya ikulu mchana, na usiku akipokea kwa siri wasomaji waliojificha. Ustadi uleule uliomlinda ulikuwa pia kifungo chake, tena haukuweza kuwalinda wanafunzi wake. Katika kipindi hicho aliendelea kutafsiri na kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, na karatasi hizo ziligawiwa kwa watu ambao kuonekana nazo kungeweza kuwaua.

Mnamo Julai 1887 aliruhusiwa kuondoka, kwa sharti kwamba mmisionari mwingine aje mahali pake. Alifunga karakana, akavuka ziwa kwa mashua ya misheni iliyoitwa Eleanor, na nafasi yake ikachukuliwa na E. C. Gordon. Hakuiona Buganda tena.

Usambiro

Mackay alifungua kituo kipya Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Hapo hakuwa tena fundi wa ikulu bali mkuu wa kituo mwenye kuamua mambo yake. Alijenga nyumba za kudumu, akaweka karakana na mashine ya kuchapa, akaendelea na tafsiri, na akaanza kuunda mashua ya mvuke ambayo ingefanya safari za ziwani zisitegemee upepo. Vipande vya injini vilivyoletwa na wapagazi ilibidi visafishwe na kuunganishwa upya, na boila kupigwa ribiti kwa mkono.

Askofu Henry Parker, aliyemfuata Hannington, alifariki Usambiro mnamo Machi 1888. Mwaka huohuo Mwanga alipinduliwa, na baada ya muda mfupi wamisionari walifukuzwa Buganda. Baadhi ya Waganda Wakristo walikimbilia kusini na kupokewa kituoni. Kati ya mwisho wa Agosti na Septemba 1889 Stanley, akirudi pwani na Emin Pasha, alikaa Usambiro karibu wiki tatu. Alikuta warsha, bustani na vijana wenye kazi, akamsifu sana Mackay katika kitabu chake. CMS ilimtaka Mackay apumzike nyumbani Ulaya, lakini alikataa kuondoka kabla ya kupatikana mtu wa kushika kazi.

Kifo

Mwanzoni mwa Februari 1890 Mackay alishikwa na malaria. Aliugua siku chache tu, akafariki tarehe 8 Februari akiwa na umri wa miaka 40. Tangu afike Zanzibar mwaka 1876 hakuwahi kurudi kwao. Mashua ya mvuke ilikuwa haijakamilika. Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, kwenye kanisa kuu la Waanglikana.

Sura za kazi yake

Maisha ya Mackay yanaonyesha jinsi cheo cha mkuu wa ufundi kinavyobadilika kufuatana na mahali na watu wanaohudumiwa, hata kama mwenye cheo ni yuleyule. Sura kuu ni hizi:

Berlin alikuwa msimamizi ndani ya taasisi kubwa. Mamlaka yake yalitokana na cheo, na makosa yake yaligharimu fedha.

Kati ya Saadani na Mpwapwa alikuwa mpangaji wa usafiri. Alihitaji kujua watu, chakula, mvua na mifugo kuliko mashine.

Ziwani alikuwa mtengenezaji. Kipimo cha kazi kilikuwa kimoja: chombo kielee.

Ikulu alikuwa mshauri asiye na mamlaka yoyote. Aliweza kueleza na kuonyesha, lakini uamuzi ulikuwa wa Kabaka, na mara nyingi mfalme alitaka bunduki pale yeye alipotoa vitabu.

Katika chumba cha kuchapia alikuwa mwalimu. Hapo hakuhitaji ruhusa ya kila siku, na kazi iliendelea mikononi mwa wanafunzi hata yeye alipoondolewa.

Usambiro alikuwa kiongozi wa yote hayo kwa pamoja, mwenye uhuru mwingi na wasaidizi wachache.

Kazi hizo zote zilifanyika kwa nguvu za wengi ambao majina yao hayakuandikwa: wapagazi Wanyamwezi na watu wa pwani waliobeba mashua na injini, vibarua wa njia ya Mpwapwa, na mafundi wa Kiganda waliofua shaba ya majeneza.

Wahandisi wenzake wa Ziwa Nyasa

Mackay hakuwa peke yake katika aina hii ya kazi. Mwaka 1875 Waskoti wa misheni ya Livingstonia, wakiongozwa na E. D. Young, walipeleka stima Ilala katika ziwa Nyasa. Nayo ilifunguliwa vipande ili wapagazi waivushe maporomoko ya mto Shire. Mwaka 1881 mhandisi James Stewart alianza kujenga barabara ya kuunganisha ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, iliyojulikana kama barabara ya Stevenson. Alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa haijaisha.

Njia hiyo ya ziwa ndiyo iliyowaleta Wamoravian kutoka Ujerumani hadi nchi ya Wanyakyusa, walipoanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya kifo cha Mackay. Nyanda hizo za juu ndizo leo wilaya ya Rungwe, wenye mji wa Tukuyu na kata kama Ikuti. Kusini kama kaskazini, kanisa na shule vilifuata njia ambayo mhandisi na wapagazi walikuwa wameifungua.

Urithi

Dada yake alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1890, kilichosomwa sana Uingereza na kuvuta wamisionari wengine. Tafsiri ya Biblia kwa Kiganda iliendelezwa na wengine, hasa George Pilkington akisaidiwa na Henry Wright Duta, ikakamilika katika miaka ya 1890.

Mackay aliamini kwamba biashara ya watumwa na mateso ya wapagazi vingekoma ikiwa reli ingejengwa kutoka pwani hadi ziwani. Reli hiyo ilianzishwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ilikuja pamoja na utawala wa kikoloni wa Waingereza, ndiyo maana wanahistoria hawakubaliani juu ya mchango wa watu kama yeye: wengine humhesabu kama mwalimu wa kwanza wa ufundi wa kisasa nchini Uganda, wengine kama mmoja wa waliofungulia ukoloni mlango, na wengi huona kwamba yote mawili yana ukweli ndani yake.

Huko Nateete, mahali palipokuwa na karakana yake, pana shule ya sekondari yenye jina lake, Mackay Memorial College.